Leta viungo vizima, saga huko uliko: kuingiza viungo Ulaya, Uingereza na Marekani

Anayetaka kuuza ughaibuni pilipili manga ya Muheza au karafuu ya Pemba mara nyingi huanza kwa kuchapisha lebo nzuri. Aanze na jamvi la kuanikia. Mzigo hukamatiwa bandarini, lakini kosa lilikwisha kufanyika kijijini, siku viungo vilipoanikwa chini vikanyeshewa.

Hofu kubwa ni sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu. Umoja wa Ulaya haupokei pilipili manga, pilipili kali, tangawizi, manjano wala kungumanga, au mchanganyiko wenye kimojawapo, ikizidi mikrogramu 5 za aflatoksini B1 kwa kilo, au mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa jumla. Karafuu na mdalasini hazimo katika orodha hiyo, ila zina kikomo cha madini ya risasi: miligramu 1 kwa kilo ya karafuu, 2 kwa mdalasini. Kwa hiyo mwambie mkulima aanike juu ya turubai safi au kichanja, mbali na vumbi la barabara, afunike kabla ya umande, na asifunge gunia mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 12. Mnunulieni kipimo cha unyevu, macho hayatoshi. Magunia yawe mapya, kamwe yasiwe yaliyobeba mbolea.

Hata mzigo mkavu huharibikia njiani. Kontena likitoka kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam kuingia kwenye baridi, bati lake hutoa jasho linalodondokea magunia ya juu. Tandaza karatasi nene pande zote na utundike mifuko ya kunyonya unyevu.

Kuvu haikai sawasawa ndani ya mzigo. Sampuli ya kiganja kimoja inaweza kutoka safi huku gunia la jirani limeoza. Chota kidogo kidogo kutoka magunia mengi, changanya, kisha upeleke kwenye maabara yenye ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo. Omba pia kipimo cha bakteria wa salmonela, ambayo haitakiwi kuonekana kabisa katika gramu 25.

Sasa kuhusu kusaga. Ushauri wetu ni mmoja: usilete unga. Kinu cha mtaani kinachosaga manjano asubuhi husaga ngano au karanga jioni, na mabaki yake ni hatari kwa mwenye mzio. Unga pia huficha rangi. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa sababu ya unga wa pilipili uliotiwa rangi ya Sudan I, iliyokusudiwa kutumika viwandani. Kiungo kizima hujieleza chenyewe, na harufu yake hudumu. Kikihitaji kuuliwa vijidudu, tumia mvuke. Gesi ya ethilini oksaidi inaruhusiwa kwa viungo Marekani lakini Ulaya imeikataza, hivyo mzigo uliofukizwa kwa soko moja usiupeleke kwenye jingine.

Karafuu ya Zanzibar ina mlango wake: biashara yake iko chini ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuitoa kwa njia za pembeni ni magendo. Tangawizi au pilipili mbichi nazo lazima ziwe na cheti cha afya ya mimea, kutoka mamlaka ya KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania.

Ukifungasha Uingereza, sajili shughuli yako kwa halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, hata kama ni jikoni kwako. Usajili ni bure.

Lebo ya Ulaya iwe kwa lugha ya nchi unayouzia. Neno “pilau masala” peke yake halitoshi. Liandamane na maelezo kwamba ni mchanganyiko wa viungo. Taja viambato kuanzia chenye uzito mkubwa, na haradali, figili (celery), ufuta au karanga zikiwemo ziandikwe kwa herufi zinazojitokeza. Weka uzito halisi, tarehe, namba ya toleo (kundi lililofungashwa pamoja), na anwani ya mhusika aliye ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa soko la Uingereza anwani iwe ya Uingereza. Herufi ndogo kama “x” isipungue urefu wa milimita 1.2. Jedwali la virutubisho halihitajiki kwa viungo. Kinachoponza wengi ni sentensi kama “tangawizi hutibu mafua”. Kudai kuwa chakula kinatibu ugonjwa ni marufuku. Picha ya mikarafuu ya Unguja kwenye pakiti ya viungo vya nchi nyingine nayo ni udanganyifu, usipotaja asili yake.

Marekani mambo huanza kabla ya safari: kiwanda kinachosafirisha kisajiliwe FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na usajili huhuishwa kila mwaka wa namba shufwa, yaani Oktoba hadi Desemba ya miaka kama 2026 na 2028. Taarifa ya awali ya mzigo ifike FDA angalau saa 4 kabla ya mzigo wa ndege, saa 8 kwa wa meli. Mwagizaji ndiye anayewajibika kumhakiki msambazaji wake, kwa maandishi.

Popote unapouza, hifadhi gramu 200 za kila toleo pamoja na risiti ya mkulima. Mteja akilalamika, utajua ni gunia lipi la kuondoa, badala ya kurudisha kila pakiti uliyouza.