Kabla ya kupima kometa ukiwa Arusha au Moshi, anza na saa

Kwanza tuelewane: kometa siyo kimondo. Kimondo huwaka na kuzimika kabla hujamwonyesha mwenzako. Kometa hukaa angani wiki na miezi, ikisogea polepole kati ya nyota, na kazi ya mpimaji ni kusema ilikuwa wapi na saa ngapi. Vipimo vya dunia nzima hupelekwa Minor Planet Center, kituo cha kukusanya vipimo hivyo kilichoko Cambridge, Massachusetts, Marekani, na ndivyo vinavyotumika kukokotoa njia yake. Kometa haitabiriki kama asteroidi, yaani jiwe linalozunguka Jua: barafu yake ikipata joto la Jua hutoa gesi, na gesi ile huisukuma pembeni kidogo kidogo. Ndiyo maana vipimo vya mwaka jana havitoshi.

Vitu vyepesi tuvimalize. Sweta, hata Moshi. Taa nyekundu. Mkanda wa joto wa kuzuia umande kwenye mdomo wa darubini. Betri ya volti 12 iliyojaa, hata kama nyumbani umeme upo, kwa sababu ukikatika katikati ya picha maunti, yaani kichwa kinachobeba na kuzungusha darubini, inapoteza mahali ilipokuwa na unaanza upya. Masika, Machi hadi Mei, usipange jambo kubwa.

Angalia mlima. Kutoka Moshi mjini Kibo kinaziba kama digrii 9 za anga upande wa kaskazini. Kutoka Arusha mjini Meru inaziba kama digrii 11, kaskazini kuelekea mashariki. Kometa iliyo karibu na Jua huonekana chini kabisa, jioni magharibi au alfajiri mashariki, kwa hiyo nenda mchana ukaone migomba na paa la jirani viko wapi. Giza letu linaingia haraka: dakika kama 70 baada ya Jua kuzama anga imeshakuwa nyeusi. Asiyejiandaa kabla ya magharibi ameshachelewa.

Maunti ina tabu yake huku. Tuko digrii 3 na kitu kusini mwa ikweta, hivyo mhimili wake unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani: skrubu ya kuinamisha inagota kabla haijafika, au chuma cha uzito kinagonga mguu wa stendi darubini ikigeuka. Jaribu mchana, zungusha pande zote kwa mkono. Nyota ya Kaskazini usiitafute, iko chini ya upeo wa macho, na ncha ya kusini ya anga iko digrii 3 tu juu ya upeo, imezama kwenye vumbi na ukungu. Lenga kwa kufuatilia nyota inavyohama kwenye picha, rekebisha, rudia.

Kamera na darubini viendane. Zidisha upana wa pikseli kwa maikromita na 206.265, gawanya kwa urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi au kioo hadi taswira inapokaa sawa) kwa milimita, unapata sekunde za tao kwa pikseli moja (digrii moja ina sekunde za tao 3,600). Pikseli za 3.76 na fokasi ya 1,000 zinatoa 0.78. Nyota yenye upana wa sekunde 3 za tao kwenye picha inakalia karibu pikseli 4, safi kabisa. Ukiunganisha pikseli mbili kwa mbili unafika 1.55, na hapo uko ukingoni. Muda wa picha nao una kikomo: kometa inayokwenda sekunde 2 za tao kwa dakika itajivuta upana mzima wa nyota hiyo ndani ya sekunde 90. Piga picha za sekunde 60 au chini ya hapo, kisha programu izipange moja juu ya nyingine kwa kufuata mwendo wa kometa.

Sasa saa. Hapa ndipo kazi nzuri za huku zinapoharibikia, na lugha yetu wenyewe inachangia.

Chukua watu wawili wako uwanjani Machame. Mmoja ameinamia darubini, mwenzake ana daftari. “Dada, saa ngapi hapo?” “Saa mbili na robo, kaka.” Anaandika 2:15. Kesho yake anayeingiza vipimo kwenye kompyuta anaisoma kama 02:15 usiku wa manane, anatoa saa 3 ili apate UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3), anaandika 23:15. Ukweli ulikuwa 20:15 saa za Afrika Mashariki, yaani 17:15 UTC. Saa 6 zimeongezeka. Kwa kometa ile ile ya sekunde 2 za tao kwa dakika, hizo ni dakika 12 za tao (kila moja ni sekunde za tao 60), zaidi ya theluthi ya upana wa Mwezi mpevu.

Tarehe nayo ina mtego wake. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Jumatano, simu inabadilisha siku saa sita usiku, UTC inabadilisha saa tisa usiku. Picha ya saa nane usiku ambayo simu imeiandika tarehe 5, kwa UTC bado ni tarehe 4. Dawa ni moja: kompyuta ya darubini iwekwe UTC moja kwa moja, na daftarini isiandikwe saa nyingine yoyote.

Afadhali kosa hilo kubwa, maana linapiga kelele na kipimo kinakataliwa. Kosa dogo linapita kimya. Programu nyingi huandika kwenye faili muda picha ilipoanza, wakati kipimo kinatakiwa kiwe cha katikati ya picha. Picha ya sekunde 60 iliyoanza 17:15:00 katikati yake ni 17:15:30, na ikigeuzwa kuwa sehemu ya siku ni .71910. Ukisahau, umekosea sekunde 30, na kwa kometa ile ile hiyo ni sekunde nzima ya tao. Programu nyingine huandika muda faili ilipofika kwenye laptopu, na waya wa USB huchelewa. Halafu bando linaisha, saa ya laptopu inakosa pa kujisawazisha, inaanza kuteleza bila kumwambia mtu. Nunua kipokezi cha GPS cha USB, tena weka programu inayosawazisha kila dakika chache. Ukitaka kuipima mashine yako yote kwa pamoja, piga picha setelaiti za GPS zenyewe: zinakwenda kama sekunde 30 hadi 40 za tao kwa kila sekunde na njia zake zinajulikana vizuri sana, hivyo kuchelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde kunaonekana.

Kituo chako cha kupimia kiwe na namba yake ya alama tatu (tarakimu, au herufi na tarakimu), na hiyo unaipata kutoka Minor Planet Center baada ya kutuma vipimo safi vya asteroidi zinazojulikana, za usiku zaidi ya mmoja. Usiazime namba ya mtu. Anayehamahama na darubini anatumia 247. Kwa nyota za kulinganishia tumia katalogi ya Gaia, orodha ya mahali pa nyota iliyopimwa na darubini ya angani ya Ulaya, toleo la 2022 au la kabla yake kidogo, na uandike ni lipi. Kichwani mwa kometa pima kwa duara dogo: duara kubwa linameza mkia, na kitovu kinavutwa kuelekea huko. Vipimo 3 hadi 5 kwa usiku vinatosha. Asteroidi moja yenye namba, yaani ambayo njia yake inajulikana vizuri, ipimwe usiku huo huo. Ikitoka nje ya mahali pake, usitume cha kometa mpaka ujue kwa nini.

Kuhifadhi: weka picha ghafi za FITS (aina ya faili ya wanaastronomia) pamoja na za giza (lenzi ikiwa imefunikwa) na za flati (za mwanga ulio sawa kote), siyo JPEG. Kamera ya megapikseli 26 inatoa MB 52 kwa picha, hivyo picha 60 ni kama GB 3. Jina la faili lianze na tarehe ya UTC. Nakala tatu, moja isikae nyumba hiyo. Picha ikibaki nzima, mtu anaweza kuipima upya kwa katalogi bora. Namba tupu haipimiki upya.

Mengine ni akili ya kawaida. Mwenyekiti wa mtaa aambiwe kabla watu hawajaona bomba jeupe limeelekezwa juu usiku. Mlinzi aombwe asimulike tochi. Lenzi ifunikwe wakati majirani wanachoma mabua. Diski isiachwe garini juani. Mbwa wafungwe, na usikanyage waya.