Kabla ya Kuwashonea Watoto Nguo za Mchezo wa Upishi

Usianze na mkasi. Anza kwa kuuliza kanga ni ya nani. Unayoiona kuukuu huenda bibi yao alipewa siku ya harusi, na ukishaikata jina katikati hakuna wa kukuombea msamaha.

Ukipata ya kukata, kanga moja inatoa aproni sita za watoto wa chekechea, sentimita 40 kwa 50 kila moja. Mifuko wabandike wenyewe. Ikikaa kombo, nyamaza. Kofia ni utepe wa manila wa sentimita 10 kwa 60, juu yake kitambaa cha shati jeupe la zamani kilichotiwa marinda. Pima kichwa kwanza: cha mtoto wa miaka minne ni kama sentimita 50, inayobaki ni ya kupishanisha. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Stepla weka juu ya kabati, pini zake huchoma paji la uso. Kamba ya shingoni usitie, hunasa kwenye kitasa mtoto akikimbia; funga kiunoni tu.

Sasa kitambaa. Mimi nilidhani nguo ni nguo. Nilikata pazia la zamani, jeupe linalong'aa, nikamshonea aproni mtoto wa dada yangu. Akapendeza! Tukampa mwiko na sufuria tupu, akawa anajipikilisha mchanga uani, nami nikageuka kuchuja tui. Mtu ukimvika kofia ya mpishi haridhiki na mchanga. Akaenda kwenye jiko la mkaa, akainamia maharage aonje chumvi, vilevile anionavyo mimi. Pindo likagusa jiko. Lilijikunja, likayeyuka, likaganda pajani kama mfuko wa plastiki. Jirani mmoja akaja na dawa ya meno, mwingine na mafuta ya kupikia. Bahati yetu mama mmoja aliwafukuza wote, akamwagia maji ya bomba kama dakika 20, na kipande kilichoganda akakataa kisibanduliwe mpaka hospitali. Kovu analo hadi leo.

Siku hizi nachomoa nyuzi mbili na kuziwasha, watoto wakiwa mbali. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu linalosagika. Polista huyeyuka ikaacha kishanga kigumu. Vitenge navyo vipime, vingi ni polista. Ila usijidanganye, pamba nayo inashika moto, tena upesi. Kwa hiyo kofia na aproni zivaliwe kabla jiko halijawashwa, na zivuliwe kabla hujagusa kiberiti.

Ukiwa hapohapo, mbuzi ya nazi iondoe, ule ulimi wake haujui mchezo. Visu juu. Ndoo ya maji funika. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Choroko na maharage mabichi usiwape wadogo wapikie, huishia puani, na shanga vilevile, na vifungo vya lile shati ulilolikata…