Kuwinda ndezi kwa mbwa na wavu katika mashamba ya Lubumbashi

Ulaya mwindaji wa sungura huingiza fereti, mnyama mdogo mwembamba wa kufugwa, shimoni, sungura akatoka mbio hadi kwenye wavu. Mbwa anabaki juu, kazi yake ni kunusa na kuonyesha shimo lenye mnyama. Kwetu mbwa hana msaidizi. Ndezi, yule panya mkubwa wa matete, hakai kwenye shimo alilochimba mwenyewe. Analala kwenye majani mazito au matete, mara nyingine kwenye tundu la mnyama mwingine chini ya kichuguu. Mbwa ndiye anayemtafuta, ndiye anayemfukuza, na bado anatakiwa kutulia wakati wavu unatandazwa. Ni kazi nzito, na mbwa wengi wanaharibika kwa sababu bwana wao hakuipima.

Kabla ya yote, nenda kuuliza kwenye ofisi ya mazingira. Uwindaji unafuata sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982: kuna kibali, na kuna miezi ya kufunga. Ndani ya mbuga za Upemba na Kundelungu haiwindwi hata siku moja.

Wakati mzuri ni baada ya mavuno ya mahindi, mwezi wa tano hadi wa saba. Majani bado yamesimama, asubuhi kuna baridi, na ndezi wamejikusanya kandokando ya mashamba na kwenye mabonde yenye maji, kama bonde la Kafubu. Wanaosubiri mwezi wa nane ili wachome majani wanakosea: moto unaua watoto wa ndezi na nyoka wanaokula panya, unababua miguu ya mbwa, na unaweza kula shamba la jirani.

Anza kwa kusoma alama. Ndezi anakata bua karibu na ardhi, mkato wa mshazari na safi kama wa kisu, halafu analivunjavunja vipande vifupi na kuviacha vimelala pamoja. Mavi yake ni marefu kidogo na yana mfereji upande mmoja. Njia yake ni kama bomba chini ya majani. Mkato ukiwa na unyevu bado, amepita usiku huu. Ukiwa umekauka na kuwa kahawia, usiwachoshe mbwa hapo.

Mbwa wawili au watatu wanatosha. Mmoja awe mzee mwenye pua, anayetembea polepole. Wengine wawe wepesi. Wakizidi wanne wanashindana, kila mmoja anamkimbilia mwenzake badala ya kunusa, na mnyama akikamatwa wanamvuta huku na huku hadi nyama inapotea, maana ngozi ya ndezi inachanika upesi. Mbwa wetu wadogo wa masikio yaliyosimama, jamaa ya basenji, wanafaa kuliko mbwa wakubwa: wanapita chini ya matete bila kuyalaza. Basenji halisi habweki, ndiyo maana wazee wa Kongo walimfunga kengele ya mti shingoni.

Kengele hiyo usiidharau. Ndani ya matete humwoni mbwa, unaona vichwa vya majani vikitikisika tu. Kengele ikilia kwa mwendo wa kawaida, anatafuta. Ikiharakisha, ameshika harufu. Ikinyamaza ghafula, ama ameonyesha ama amenaswa kwenye mtego wa waya wa mtu, kwa hiyo koleo la kukatia waya lisikose mfukoni. Mbwa anayeonyesha kweli anakaza mkia, pua chini, mwili unatetemeka, na haondoki. Anayezungukazunguka na kuinua kichwa amekuta harufu ya zamani. Ukimsifu kwa harufu ya zamani mara tatu, umemfundisha kudanganya.

Wavu uwe wa kamba nene ya nailoni, urefu mita 15 hadi 20, kimo mita moja, matundu ya sentimita 6, ili wadogo wapite. Usiuvute ukakazana. Ukiwa kama ukuta, ndezi anagonga na kurudi. Ukiwa umelegea, unamzungushia wenyewe. Sehemu ya chini, kama nusu mita, uilaze ardhini, upande anakotoka mnyama. Uweke kati ya matete na maji, kwa sababu ndezi akitishwa anakimbilia maji, na anaogelea vizuri. Upepo upite kwa pembeni. Upepo ukitoka kwenye wavu kwenda kwenye matete, harufu yenu inafika mbele ya mbwa na mnyama anatokea upande msiolinda.

Watu wawili walinde wavu, kimya kabisa. Ndezi anatumia dakika chache kukata kamba kwa meno yale ya rangi ya chungwa. Mbane kwa mti wenye panda shingoni, kisha pigo moja zito nyuma ya kichwa. Usimshike mkia: unakatika, anakuachia mkononi. Jike mwenye tumbo kubwa umwache aende. Mimba yake ni ya miezi mitano hivi, hazai upesi kama sungura. Mnyama uliyemkuta amekufa usimchukue, hata kama nyama inaonekana nzuri.

Saa za kazi ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Baada ya kila kichaka, dakika kumi kivulini. Beba lita mbili za maji kwa kila mbwa, umpe kidogokidogo. Mbwa mwenye moyo wa kazi hasimami mwenyewe, anaanguka. Hilo ndilo watu wanasahau. Ulimi ukipanuka na kuwa mwekundu sana, mate yakawa mazito, miguu ikayumba, kazi imekwisha siku hiyo. Mwagie maji tumboni, kwenye mapaja kwa ndani na kwenye nyayo, mahali penye upepo. Akiendelea kuyumba, mpeleke kwa daktari wa mifugo huku mnaendelea kummwagia.

Asubuhi usimshibishe. Chakula kikubwa ni jioni, akishapumzika saa nzima: bukari (ugali) na kapenta (dagaa), au matumbo yaliyochemshwa vizuri. Mchuzi wenye vitunguu vingi ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa inatoboa utumbo.

Nyumbani mkague kabla hajalala: katikati ya vidole, masikio, macho, kwapa. Mbegu za majani zinaingia ndani ya ngozi na kuleta usaha wiki moja baadaye. Toa kupe. Kidonda cha meno ya ndezi ni chembamba lakini kirefu. Kioshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na usikishone nyumbani. Chanjo ya kichaa cha mbwa aipate akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Mbwa mdogo aanze na kuzoea mbuzi na kuku, bila kuwagusa. Kisha, akiwa na miezi minne au mitano, vuta ngozi ya ndezi ndani ya majani mita 30, umwache aifuate. Matete ya kweli aingie akikaribia mwaka, pamoja na yule mzee, na vichaka viwili tu kwa asubuhi.