Orodha ya chai: namna ya kulikumbusha darasa neno ambalo hujalisoma

Nafundisha saikolojia chuo cha ualimu, na somo la kumbukumbu hulianza kwa orodha hii: sukari, maziwa, majani, birika, tangawizi, kikombe, iliki, chujio, maandazi, kahawa, chupa, kijiko, mvuke, vitafunio, asubuhi.

Projekta iache. Watu wakiyasoma maneno kwa macho, kosa tunalolitafuta, yaani kukumbuka "chai" ambayo haimo kwenye orodha, hupungua; wayasikie. Kalamu ziwe chini. Soma bila mbwembwe, neno moja kila sekunde moja na nusu hivi, na "chai" isikutoke mdomoni. Ndiyo maana zoezi hili silifanyi karibu na saa nne: lazima mtu ataulizia chai.

Ukimaliza, wahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa saba saba, dakika moja tu. Kisha waandike wanayoyakumbuka, bila kubahatisha.

Sasa usiwe na haraka ya kufichua. Kila mmoja aweke alama mbele ya kila neno: 1 kama ana shaka, 3 kama yuko tayari kuapa. Walimu wengi huiruka hatua hii, na utamu wote umo humo. Walioandika "chai" wengi huipa 3, na hakosi mmoja wa kukueleza ulivyoitamka.

James Deese aliligundua jambo hili mwaka 1959. Mwaka 1995 Henry Roediger na Kathleen McDermott, Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walilirudia: katika jaribio lao la pili, neno lisilosomwa lilikumbukwa kwa asilimia 55. Hata ukiwaonya watu mapema, kosa hupungua tu, halitoweki.

Hapo mtu ataulizia hipnosi, ile hali ya kama usingizi ambayo mtu hutiwa kwa maneno: si ingemrudishia shahidi alichosahau? Mjibu kwamba Chama cha Madaktari cha Marekani kilishaonya mwaka 1985. Aliyetiwa hipnosi huweza kusema mengi zaidi, ya kweli na ya kubuni, na yote akayaamini. Kwangu hilo la mwisho ndilo la hatari mahakamani.

Ukitaka orodha yako, waulize watu wasio wa darasa hilo neno la kwanza linalowajia ukitaja kiini, yaani neno ambalo hutalisoma, kama "chai" hapa, kisha yaliyotajwa sana yatangulie. "Usingizi" silipendekezi, kwa sababu nusu wataandika "kulala" na hesabu itakuvurugikia. "Bahari" inafaa: anza na mawimbi, samaki, ufukwe, jahazi.