Friji Haigandishi: Utengeneze au Ununue Nyingine?

Wateja wengi huniuliza bei kabla friji haijapimwa. Sijibu mpaka nijue kilichokufa, kwa sababu friji mbili zilizogoma kugandisha zinaweza kuwa na magonjwa yasiyolingana kabisa kwa gharama. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Anza na umeme. Chomeka pasi kwenye soketi ileile uone kama inapata moto. Taa za nyumba zikififia jioni, umeme ni mdogo, na kompresa (ile pampu ya nyuma inayosukuma gesi) ya volti 220 hadi 240 itaunguruma kidogo kisha ikate. Umeme ukikatika, subiri kama dakika tano ndipo uwashe, ili presha ya gesi itulie. Friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji na umeme mbovu, hukusubiria yenyewe. Kama umeme wenu unachezacheza, inunue kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 2: Maliza yale madogo. Bana karatasi kwenye mlango. Ikivutika kirahisi, mpira umechoka. Futa vumbi kwenye nyavu ya nyuma, sogeza friji mbali kidogo na ukuta. Taa inawaka lakini kompresa kimya? Shuku thamostati, kile kidhibiti cha baridi. Inalia "ta!" na kunyamaza kila baada ya dakika chache? Anza na rilei, kile kifaa kidogo kinachoiwashia kompresa. Hitilafu za namna hii tengeneza tu, hata friji ikiwa ya zamani.

Hatua ya 3: Kompresa ipimwe. Friji ichomolewe, rilei itolewe, fundi apime ukinzani (omu) kati ya pini tatu za kompresa, mbili mbili, kwa mita. Kwenye kompresa ya kawaida, kipimo kikubwa ni sawa na jumla ya vile viwili vidogo. Kwenye ya inveta, yaani inayobadili kasi yake, vyote vitatu hukaribiana. Pini yoyote ikisoma na chuma cha nje cha kompresa, kompresa imeungua. Simama hapo uione mita kwa macho yako.

Hatua ya 4: Gesi. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea, na inaniuma. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka yote. Ikipungua, kuna tundu, na fundi anayejaza bila kulitafuta utamwita tena kwa kazi ileile.

Kwa hiyo muulize: tundu liko wapi? Likiwa kwenye bomba linaloonekana nyuma, linachomelewa, filta ya kunyonya unyevu kwenye gesi inabadilishwa, hewa inavutwa kwa pampu, kisha gesi inapimwa kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Likiwa ndani ya friza, pale mtu alipochokonoa barafu kwa kisu, linazibika kwa fundi mwenye mkono mzuri. Likiwa limefichwa ndani ya ukuta wa friji, nyuma ya lile povu gumu, ushauri wangu ni uiache.

Kibandiko kikisema R600a, gesi hiyo inashika moto. Asiwashe moto wa kuchomelea kabla haijatolewa, na kazi ifanyike penye hewa.

Hatua ya 5: Piga hesabu. Jumlisha kifaa, gesi, filta, ufundi na usafiri. Linganisha na bei ya leo ya friji mpya ya ukubwa uleule, si ile uliyonunulia. Ikivuka nusu, nunua. Friji ikipita miaka kumi na kompresa ndiyo iliyokufa, mimi hushuka hadi theluthi, maana vifaa vingine navyo vimeshachoka. Garantii ikiwa bado hai, fundi wa mtaani asiifungue kabisa.

Ukiamua kununua, ya zamani usiiweke uani ikiwa na mlango wake. Mtoto akijifungia ndani anakosa hewa. Ng'oa mlango siku hiyohiyo, kisha muuzie fundi kwa ajili ya spea; thamostati, rafu na feni bado vina mnunuzi.