Gari la Malindi na maji: ninavyolitunza langu mwenyewe

Nabeba samaki. Alfajiri niko kwenye diko, pale mashua zinaposhusha samaki, Ngomeni au Mambrui, na jua likianza kuwaka lazima niwe nimeshawafikia wateja wangu mjini Malindi, wengine mpaka Watamu. Kazi hii nina miaka 17 nayo, na magari niliyoyamiliki ni mawili. La kwanza, Corolla steshen wagoni, lilikufa mikononi mwangu baada ya miaka 4. La pili, Probox ya injini ya 1NZ, nimekaa nalo miaka 13 na hedi yake, yaani kichwa cha injini, haijawahi kufunguliwa. Barabara ni ileile, mzigo ni uleule, fundi ni yuleyule. Nilichobadilisha ni maji ninayotia kwenye rejeta, na bidii ya kuiosha chumvi. Ninayoyaandika hapa ni mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyafanya uani kwake kabla hajampigia fundi simu.

Corolla lile nilikuwa naliongeza maji kila baada ya siku tatu nne. Nachota kisimani nyumbani, maji yaleyale ya kufulia na kuoshea vyombo, na sikuwahi kujiuliza yale ya juzi yamekwenda wapi. Siku moja ya mwezi wa tatu, kaskazi inakwisha na joto limeshika, natoka Gongoni na kasha la nguru, mshale wa joto ukapanda mpaka penye alama nyekundu kabla sijafika daraja la Sabaki. Barafu inayeyuka, mteja anapiga simu, nikasema nijikaze nifike mjini. Karibu na daraja injini ikazima yenyewe. Kijana niliyekuwa naye akashika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa akauzungusha. Mvuke ulimwunguza kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na alama anayo hadi leo. Baada ya hapo tukateka maji ya mto, yale ya udongo yanayoichafua bahari yote ya mbele ya mji wakati wa mvua, tukayamimina injini ikiwa bado inaunguza. Hedi ikapinda.

Fundi alipofungua alinionyesha themostati, kidude kidogo chenye springi kinachoenea kiganjani, ndicho kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Yangu ilikuwa imevaa koti jeupe gumu, kama sufuria ya kuchemshia maji ya kisima isiyowahi kusuguliwa. Aliigonga kwa spana, likabanduka gamba zima, akaniwekea mkononi. "Dada, maji yako ndiyo haya," akaniambia.

Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe. Maji yake yana chokaa, na vilivyo karibu na bahari vina chumvi pia. Yakipata moto ndani ya injini, chokaa inaganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta na kwenye themostati, na chumvi inatafuna alumini ya hedi polepole. Hutaona kitu kwa mwaka au miwili, halafu siku moja mshale unapanda.

Kubadilisha maji ya rejeta

Kulanti, yaani maji ya rangi ya kupozea injini, inauzwa ya aina mbili. Kuna iliyokwisha kuchanganywa, unaitia kama ilivyo, na kuna nzito ambayo unachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Hayo maji utayapata penye vituo vya petroli kwa jina la maji ya betri. Uliza sawasawa uhakikishe ni maji na si asidi, maana madukani huwekwa rafu moja na chupa zinafanana. Rangi ya kulanti fuata ile gari lako linayotaka, wala usichanganye nyekundu na kijani. Mimi hubadilisha kila baada ya miaka 2.

Fanya kazi hii asubuhi, injini imelala usiku kucha. Fungua mfuniko wa rejeta, weka beseni chini, legeza kijibomba cha kutolea maji kilichoko chini ya rejeta. Angalia kinachotoka. Kikiwa na rangi ya kutu, funga, jaza maji safi, washa injini huku umefungua hita ndani ya gari mpaka mwisho, iache ipate moto. Izime, ngoja ipoe kabisa, mwaga tena. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Mara ya kwanza nilipoifanyia Probox yangu nilirudia mara 5, na ilinila siku nzima kwa sababu ya kungoja ipoe. Usiharakishe hapo.

Ukishatia kulanti, washa injini mfuniko ukiwa wazi na hita imefunguliwa. Utaona mapovu yanatoka. Ni hewa hiyo, na ikibaki ndani, sehemu ya hedi inakauka na kuungua wakati rejeta inaonekana imejaa. Binyabinya mpira mnene wa juu wa rejeta kwa kitambaa, ongeza kulanti kila inaposhuka, ngoja mpaka feni izunguke na kusimama mara mbili, kisha funga. Kesho yake asubuhi angalia tena, mara nyingi imeshuka kidogo.

Uliyoyamwaga usiyaache uani wala mtaroni. Kulanti ni tamu na ni sumu. Mbwa na mbuzi wataifuata.

Mfuniko wenyewe wengi hawautazami. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo nguvu unayoizuia ndani. Huku tuko usawa wa bahari, maji ya sufuria yanachemka kwa digrii 100; yakibanwa na mfuniko wa 0.9 yanavumilia karibu digrii 120 kabla ya kuchemka. Kwa hiyo mpira wa ndani ya mfuniko ukikauka na kupasuka, gari linachemsha mapema ingawa kila kitu kingine ni kizima. Ukinunua mwingine, namba iwe ileile. Na ndiyo sababu kijana wangu aliungua: maji yalikuwa yamepita digrii 100 na yamebanwa, alipoyafungulia yakageuka mvuke papo hapo.

Kuna neno moja na mafundi wetu, nalisema kwa heshima. Wengi wanang'oa themostati na kuitupa, wanasema Pwani kuna joto, haina kazi. Kazi inayo. Injini isiyo na themostati inachelewa kupata moto wake wa kawaida, inakunywa mafuta zaidi na oili inachafuka mapema. Kubwa zaidi, kuing'oa kunaficha ugonjwa. Rejeta iliyoziba inaendelea kuziba, na wewe unadhani umepona. Mwambie fundi aweke mpya.

Feni utaipima mwenyewe kwa dakika moja. Gari limesimama, injini inanguruma, washa kiyoyozi. Kwenye magari mengi madogo feni inatakiwa izunguke hapo hapo. Ikikaa kimya, anza na fyuzi, kisha chomoa soketi ya waya za feni uitazame. Hapa kwetu mara nyingi utakuta unga wa kijani kwenye vidole vya shaba, chumvi hiyo. Yangu niliisugua kwa msasa laini, nikaipaka girisi kidogo, feni ikaamka. Nilikuwa nimeshaambiwa ninunue mota mpya.

Injini ikipata moto njiani

Jua kwanza kwamba magari mengi madogo ya siku hizi hayana mshale wa joto. Yana taa tu. Ya buluu ni injini bado baridi, nyekundu ni hatari, na ikiwaka nyekundu huna muda wa kufikiria mteja. Zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho na feni yake kwa nguvu zote, maana hita inanyonya joto la injini na kulitoa kwako. Teremsha vioo, vumilia. Toka barabarani, simama, zima injini. Fungua boneti joto litoke, lakini mfuniko wa rejeta usiuguse. Ngoja nusu saa kwa uchache, mimi hungoja mpaka mpira wa juu niweze kuukamata mkono mtupu bila kuuachia. Hapo ndipo naufungua mfuniko, kidogo kwanza, nasikiliza, kisha wote.

Ukiongeza maji, yatie kidogo kidogo injini ikiwa imepoa. Yakikosekana yaliyosafishwa, maji ya kunywa ya chupa yanafaa, na ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa. Maji ya kisima tia ukiwa huna lingine, na ukifika nyumbani yamwage yote. Ya Sabaki usiyatie kabisa.

Kabla hujawasha tena, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Ukiwasha ukaona moshi mweupe mzito wenye harufu tamu nyuma, au mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imepasuka. Zima, vutwa. Gharama ya kuvutwa ni ndogo ukiilinganisha na ya injini.

Betri

Watu hudhani baridi ndiyo inayoua betri, kumbe joto linaimaliza zaidi. Ukikaa huku usitegemee ile miaka wanayoisema wa bara. Nunua mita ndogo ya kupimia umeme. Asubuhi, gari halijawashwa, betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwa inanguruma isome kati ya 13.8 na 14.4, chini ya hapo alteneta haichaji vizuri. Kipimo hiki kimewaokoa majirani zangu wawili waliokuwa wakinunua betri mpya kila mara kumbe ugonjwa ni wa alteneta.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri usugue kwa mswaki wa zamani na maji ya moto yenye bekingi soda. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, malizia na hasi. Vikaushe, vipake girisi. Mara nyingi gari linalolia tatata bila kuwaka halina shida nyingine zaidi ya huo unga.

Chumvi ya nje

Hili lilikaribia kunipokonya Probox pia. Barafu ya samaki ikiyeyuka inatoka na chumvi na damu, na kasha langu lilikuwa na ufa mdogo sikuuona. Siku moja nikasikia harufu isiyotoka hata nikiosha. Nikainua kapeti ya nyuma, chini yake sponji imelowa chapa, nikaikunja. Bati lilikuwa na malengelenge ya rangi. Nikaligusa moja kwa kidole, kidole kikapita, nikaona mchanga wa uani. Si zaidi ya sarafu ya shilingi 20, lakini lile tundu nililitazama kwa muda mrefu, kwa sababu bati linalobeba kiti cha abiria halikuwa mbali.

Fundi wa kuchomelea alikata kipande, akaweka bati jipya. Tangu siku hiyo kasha linakaa ndani ya sinia la plastiki lenye kingo, na kila Ijumaa natoa kapeti zote nazianika. Ukikagua gari lako, usitazame rangi ya mlangoni. Bonyeza chini ya kapeti, ndani ya matao ya magurudumu, na chini ya milango kwa ndani. Kwenye ukingo wa chini wa kila mlango pana vitundu vidogo vya kutolea maji. Vizibue kwa kijiti, mchanga huvijaza, maji yanakaa ndani na mlango unaoza kuanzia ndani.

Ukiwa umepita ufukweni au Ngomeni siku ya maji makuu, osha chini ya gari siku hiyo hiyo. Maji yawe ya bomba. Kisima chenye chumvi kitakurudishia kile unachokiondoa. Presha nyingi si lazima, mpira wa bustani unatosha ukiinama ukafika kwenye fremu, springi na paipu za breki. Rejeta nayo ioshe mapezi yake, maji yakitokea upande wa injini kwenda nje, taratibu, yasipinde.

Mengine ni mafupi. Oili ipime asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare. Upepo wa magurudumu pima yakiwa baridi, kipimo kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Unaponunua tairi la mtumba soma tarakimu 4 za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na jua letu linapasua mpira hata kama meno yake bado marefu. Oili ya breki ibadilishwe kila miaka 2, inanyonya unyevu, na hewa ya huku imejaa unyevu. Gari likikaa wiki kadhaa karibu na bahari usiliache na breki ya mkono, viatu vya breki vinashika. Weka gia na uzuie gurudumu kwa jiwe.

Chini ya kiti changu cha nyuma kuna lita 5 za maji safi, mpira wa juu wa rejeta wa akiba ulionunuliwa kwa kulinganishwa na ule wa zamani mkononi, klempu 2, bisibisi, fyuzi, mita ya umeme, na taulo nene la kushikia mpira wa moto. Kijana wangu ndiye anayevikagua kila Jumamosi, na mfuniko wa rejeta haufungui mtu mwingine ila yeye, asubuhi, injini ikiwa baridi.