Tandaza vizazi vitatu mezani: ng'ombe, mbuzi na nguruwe

Mwaka wangu wa kwanza wa kuhimilisha ng'ombe, yaani kuwapandikiza mbegu kwa mrija, huku Rungwe niliumaliza bila kukiona kizazi kwa macho. Mkono ulikuwa ndani, picha ya daftarini kichwani, na viwili hivyo havikukutana hata siku moja. Kilichonifumbua ni machinjio. Kama ndiyo unaanza kazi hii, anzia huko.

Muombe mkaguzi wa nyama akutunzie kizazi cha ng'ombe na cha mbuzi. Cha nguruwe utakifuata kwingine, maana wanachinjwa mbali. Vaa buti na glavu ndefu, usishike mikono mitupu: bruselosi, ule ugonjwa wa kutupa mimba, humpata mtu kupitia majimaji haya haya. Mjamzito asisogee kabisa.

Vilaze juu ya plastiki, uke upande wako. Anza kubonyeza shingo ya kizazi. Ya ng'ombe ni ngumu kama shingo ya kuku. Ipasue kwa wembe utaona pete tatu au nne, ndizo zinazokutoa jasho ukisukuma mrija. Ya nguruwe haina pete. Ina vinundu vinavyopishana kama meno ya zipu, navyo ndivyo vinavyoukamata uume wa dume, uliojisokota kama skrubu. Ndiyo maana mrija wa nguruwe wenye ncha ya skrubu tunauingiza kwa kuuzungusha kinyume cha saa. Ya mbuzi ni nyembamba, pete zimebana.

Sasa fuata pembe za kizazi. Za ng'ombe zimejikunja kama pembe za kondoo dume, na ndani kuna vinundu kama vifungo vya koti, kati ya 70 na 120, ambako kondo la nyuma hujishika. Vya mbuzi vina shimo katikati kama vikombe. Za nguruwe? Siku ya kwanza nilimwambia mchinjaji kanipa utumbo. Pembe moja huweza kupita mita, ndani hakuna vifungo, kwa sababu watoto kumi lazima wapate pa kupanga foleni.

Maliza na ovari. Ya ng'ombe inazidi korosho kidogo, ya nguruwe ni kishada cha zabibu. Tafuta uvimbe wa manjano kwenye ya ng'ombe, ukate. Huo ndio unaotengeneza projesteroni, homoni inayolinda mimba na kuzuia joto, yaani hali ya kutaka dume. Mimba isipokuwepo, kama siku ya 16 au 17 baada ya joto kizazi humwaga prostaglandini, homoni inayoua uvimbe huo. Projesteroni ikishuka, estrojeni, homoni inayoleta joto, hupanda, na siku ya 21 hivi ng'ombe anasimama kupandwa. Ukimwona asubuhi, mbegu jioni, kwa kuwa yai hutoka joto likishaisha. Nguruwe hukaa kwenye joto siku mbili mpaka tatu, na mayai hutoka kabla halijaisha.

Mbuzi na nguruwe nao hurudi kwenye joto kila siku 21 hivi, na hapo ndipo nilipoponzwa. Ng'ombe ukimchoma prostaglandini kuanzia siku ya sita baada ya joto, uvimbe hufa na joto hurudi. Nami nikamchoma nguruwe wa jirani siku ya nane, nikakaa kusubiri. Hakuna kitu. Uvimbe wa nguruwe hausikii dawa hiyo mpaka siku ya 12 au zaidi. Pesa ya mzee wa watu nilirudisha.

Kwa mbuzi hatari ni nyingine: mimba yake huutegemea uvimbe huo siku zote 150. Kwa hiyo kabla ya sindano uliza kama kuna beberu anayezurura naye malishoni, na usiridhike na jibu la kwanza. Sindano hiyo nayo asiishike mjamzito wala mwenye pumu, dawa hupenya ngozi.

Ukishamaliza, fukia vyote shimo refu, nawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Mbwa wa machinjioni wanaijua saa yako ya kutoka.